Naomba ushauri: vitu vya mzee wangu wa jeshi la anga

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Marehemu mzee wangu alikuwa navigeta (mwelekeza njia) kwenye ndege za mabomu za Uingereza, Vita Kuu ya Pili, katuachia daftari lake la safari za ndege, nishani ya nyota ya 1939-1945 na ile ramani ya hariri waliyokuwa wanapewa iwasaidie kutoroka wakidunguliwa. Daftari ndo linaniuma zaidi, safari za usiku kaziandika kwa wino mwekundu na sasa unafifia, nshapiga picha kila ukurasa na nimelitoa kwenye mfuko wa nailoni maana lilikuwa linashika unyevu. Ramani ina mikunjo mikali, mtu kanambia nipige pasi ila naogopa kwa kweli.

Je, nainyooshaje bila kuichana? Na daftari nilifunike na karatasi ya aina gani?