Babu ninayemhudumia Winnipeg: faili lake la fidia litateketezwa 2027, asaini au aache?

Bi_Pangani aliandika:

Salaam wakuu. Niko Winnipeg, Kanada, mwaka wa sita huu, nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya wazee, zamu ya usiku. Nina jambo limenikaa kooni, na najua humu wapo watu wa Saskatchewan na Alberta walioijua nchi hii kabla yangu.

Kuna babu mmoja Mkree, kabila la wenyeji wa asili wa huku, anagonga miaka 80. Namwita mooshum kama wajukuu zake wanavyomwita, ndiyo babu kwa lugha yao. Yeye ananiita "yule wa chai", maana saa kumi usiku akiamka namtilia iliki kwenye chai yake, na watu wa jikoni wakijua watanisema.

Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba, huko kaskazini mwa Manitoba. Aliingia 1953, akatoka 1961. Kwa mlioko nyumbani: hizi ni zile shule ambazo serikali ya Kanada ilitoa hela na makanisa yakaendesha. Mtoto wa wenyeji wa asili anachukuliwa kwao, ananyolewa nywele, akisema lugha ya mama yake anachapwa. Watoto kama 150,000 walipitia humo, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, yaani wakati mimi niko darasa la tatu Tanga. (Na tafadhali msije na "Wahindi Wekundu" kwenye majibu. Mimi nililitamka hilo neno siku ya kwanza kazini, aibu yake ninayo mpaka leo.)

Sasa jambo lenyewe. Juzi kaniambia nitoe boksi la viatu lililo chini ya kitanda. Ndani mna picha ya marehemu mkewe, rozari iliyokatika, barua mbili za malipo, na kipeperushi kilichokunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Kinasema kumbukumbu za kesi yake zitateketezwa tarehe 19 Septemba 2027, isipokuwa mwenyewe aseme vingine kwa kusaini fomu. Macho yake yamechukuliwa na presha ya macho, kwa hiyo nikamsomea. Akasema soma tena. Nikarudia. Akakaa kimya muda, halafu akaniuliza: "Nikisaini, watakuja kunidai hela yao?"

Nilikosa la kumjibu.

Alilipwa mara mbili. Ya kwanza mwenyewe anaiita hela ya miaka. Ilikuwa hivi: dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza, hata kama hukuumaliza, kisha 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Kwa miaka yake minane ilitakiwa 31,000. Wakampa 22,000, eti rejista za miaka mitatu hazikuonekana, kwenye vitabu vyao yeye ana miaka mitano tu. Aliandika waangalie upya, jibu likarudi lile lile. Zile 9,000 anazikumbuka kuliko anavyolikumbuka jina langu. Si kwamba ana njaa nazo. Anasema, "Ile miaka mitatu nilikuwa wapi basi?"

Ya pili ni hela ya kesi, aliyopewa baada ya kukaa chumbani na kusimulia aliyofanyiwa. Hiyo hasemi ni kiasi gani wala alisimulia nini, na mimi siulizi. Faili la hiyo ya pili ndilo litakaloteketezwa.

Naomba kujua: akisaini anapoteza chochote? Asiposaini je? Na binti yake anayekuja kila Jumapili ataweza kulisoma? Maana binti anajua tu kwamba baba alisoma bweni. Zaidi ya hapo hajui kitu, na ana miaka 50.

---

Calgary_Boy aliandika:

Da, si kashalipwa lakini? Waliteketeze yaishe. Wangekuwa wanalipa waliochapwa shule za msingi Bongo, sisi wote tungekuwa mamilionea. Hawa watu wanapewa hela za bure kila mwaka.

---

Karani_wa_Zamani aliandika:

Mdogo wangu wa Calgary, mimi nilichapwa kwa kuchelewa namba, jioni nikarudi kwa mama nikala ugali. Tofauti yetu na huyo babu ni hiyo "nikarudi kwa mama". Na hizo hela za bure: hela ya miaka ilikuwa wastani wa dola kama 20,000 kwa mtu, mara moja maishani. Gari lako la mkopo linazidi hapo.

Dada wa Pangani, kwanza mtulize babu. Hakuna atakayemdai. Malipo ni jambo jingine na hizo kumbukumbu ni jambo jingine. Asaini, asisaini, hela yake ni yake.

Mimi nilikuwa karani kwenye ofisi ya mawakili Regina, 2009 mpaka 2013, najaza hizo fomu. Mkataba wenyewe wa fidia ulianza kazi tarehe 19 Septemba 2007, baada ya kesi kujazana mahakamani kwa maelfu. Hela ya miaka ilikuwa ya kila aliyelala bweni. Hiyo ya pili ilikuwa kwa walionajisiwa au kuumizwa vibaya, na ili uipate ilibidi ueleze. Kila tendo lilikuwa na pointi zake, kila madhara pointi zake, mwisho zinajumlishwa, zinageuzwa dola. Nimewahi kuketi na bibi wa miaka 70 na kitu, mikono yake juu ya meza, nikimuuliza "mara ngapi?" kwa kuwa fomu inauliza mara ngapi. Bibi akawa anahesabu kwa majira: wakati wa theluji, wakati barafu inapasuka mtoni, wakati wa bata bukini. Nikabadilisha majira ya bibi kuwa namba. Nililipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Maombi yalizidi 38,000, na jumla iliyolipwa ni zaidi ya dola bilioni tatu. Usikilizaji ulikuwa wa faragha. Mwamuzi ndiye anayeuliza, mawakili hawaruhusiwi kukubana maswali. Ukitaka unashika unyoya wa tai, ukitaka Biblia. Na watu waliambiwa hivi: haya yanabaki humu chumbani. Wengi walifungua kinywa kwa ahadi hiyo tu.

Baadaye ukazuka ugomvi. Tume ya ukweli, ile iliyosikiliza waliopitia shule hizo, ilitaka mafaili yahifadhiwe kwa ajili ya historia, wengine wakasema yateketezwe yote. Likafika Mahakama ya Juu. Oktoba 2017 ikaamua kwamba mwenye neno ni aliyesimulia, si serikali, si kanisa, si hifadhi. Kwa hiyo babu ana njia hizi. Anaweza kuomba nakala yake mwenyewe. Anaweza kuruhusu faili liwekwe kwenye kituo cha taifa cha ukweli na maridhiano, ambacho kiko hapo hapo kwako, Chuo Kikuu cha Manitoba, na anachagua kama watu walisome kwa uhuru au kwa masharti. Anaweza kufanya yote mawili. Akinyamaza, siku ikifika linateketezwa.

Binti hawezi kulisoma ila baba ampe. Halafu sikia hili vizuri: babu akifariki kabla hajasema, binti hawezi kuchagua kwa niaba yake. Kunyamaza kwa marehemu kunahesabiwa ni kuteketeza. Mahakama yenyewe ilikiri kuwa wapo waliokufa wakiwa wangetaka vingine, ikasema afadhali hilo kuliko kumwanika mtu aliyeahidiwa siri.

Nakala akiipata, majina ya watu wengine yatakuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Mwambie mapema asije akashtuka.

Na wewe linda kazi yako. Usiwe shahidi wa saini, usimjazie. Nenda kwa afisa ustawi wa hapo kazini, amtafutie wale wasaidizi wa manusura, wapo na ni bure. Tena usimsomee karatasi hizo usiku. Niliona mtu anasoma maelezo yake jioni, kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja.

---

Mjukuu_wa_Othaya aliandika:

Nimesoma hii thread nikiwa kwa matatu nikapitwa na stage yangu.

Mimi ni wa Nyeri. Tarehe 6 Juni 2013 Waingereza walikubali kulipa wazee wetu walioteswa kwenye kambi wakati wa Mau Mau. Watu 5,228, pauni milioni 19.9, na hapo gharama za mawakili zimo ndani. Cucu wangu, yaani nyanya, hakuwa kwenye hiyo orodha. Alikuwa na kovu na hakuwa na karatasi.

Na mnajua kilichosaidia ile kesi? Mafaili. Kabla ya uhuru wakoloni walichoma mengi, mengine wakayapakia kimya kimya mpaka Uingereza, yakafichwa Hanslope Park. Yalikuja kutolewa mwaka wa 2011, kesi ikiwa mahakamani. Nusu karne serikali ilikuwa imeyakalia. Yangekuwa yamechomwa yote, wale wazee wangeitwa waongo mpaka kaburini.

Kwa hivyo mimi nikisikia neno kuchoma nywele zinasimama. Dada, mshawishi babu aweke hilo faili pale chuoni. Kuna siku mtu atakuja kusema hayo mambo hayakutokea.

---

Karani_wa_Zamani aliandika:

Pole kwa cucu. Lakini yale ya Hanslope Park yaliandikwa na waliotesa, wakayaficha ili kujikinga. Hili ni la babu, kayatoa kinywani mwake. Mimi sioni kama tunaweza kuyapima kwa kibaba kimoja.

Na ushahidi haujakosekana. Waliotaka kusema hadharani walisema mbele ya ile tume, zaidi ya 6,500, na maneno yao yamehifadhiwa. Nyaraka za serikali na za kanisa zipo, zile zilizotolewa. Ukitaka kuwakazania watu kuhusu karatasi, wakazanie hao. Wakatoliki (na mimi ni Mkatoliki, kwaya na kila kitu) waliahidi kuchangisha dola milioni 25 kwa ajili ya manusura, kwa juhudi zao zote. Hazikufika hata nne, na makanisa wakati huo yanajengwa.

Kumshawishi babu hapana. Alishawishiwa vya kutosha tangu akiwa na miaka saba.

---

Mjukuu_wa_Othaya aliandika:

Sawa, nimeskia. Lakini bado ningeweka.

---

Calgary_Boy aliandika:

Nimesoma zote. Da Pangani nisamehe kwa ile ya juu.

---

Bi_Pangani aliandika:

Asanteni nyote. Calgary, yameisha.

Nilimwona afisa ustawi Jumatatu, akamleta mama mmoja wa Kikree anayefanya kazi ya kusaidia manusura. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nimeshatoka zamu lakini babu akasema "yule wa chai" akae. Nikakaa kwenye kiti cha kona na koti langu. Yule mama alimweleza kwa lugha yao, polepole, nami sikuelewa neno isipokuwa alipotaja mwaka 2027 kwa Kiingereza.

Babu akauliza maswali mawili tu. La kwanza ni lile la hela. Alipojibiwa kwamba hadaiwi alicheka, mara ya kwanza namsikia anacheka kwa sauti.

La pili lilikuwa la mdogo wake. Walipelekwa wote wawili, mdogo akiwa na miaka sita. Yule mdogo alifariki 2003, kwa hiyo hakupata hata senti, maana mkataba ulitaka mtu awe hai tarehe 30 Mei 2005. Hana barua, hana faili, hana boksi. Nimekuja kujua kwamba babu kwenye usikilizaji wake alimsema sana mdogo wake, pengine kuliko alivyojisema mwenyewe. Akataka kujua kama jina la mdogo limeandikwa mle.

Yule mama akamwambia limeandikwa, lakini kwenye nakala litakuwa limefutwa, kama ulivyosema Karani. Hata ndugu wa tumbo moja ni mtu mwingine.

Akakaa. Nje walikuwa wanakwangua barafu kwenye maegesho, kelele ile ya koleo. Kisha akasema anataka nakala. Chuoni lisiwekwe. Mjukuu wa Othaya utanisamehe, sikutia neno. Nikamuuliza kwa upole, na binti je? Akasema hatamwambia. Boksi litabaki pale pale chini ya kitanda, na siku ya kuja kutoa vitu vyake ni binti atakayekuja.

Saini yake ilichukua muda, karatasi ikazungushwa mara mbili ili aione mistari kwa pembeni ya jicho.

Nilipokuwa navaa glavu nitoke akaniita. Akanitajia jina la mdogo wake, akanirudishia herufi moja moja mpaka nikalipata sawasawa, kwanza la Kikree, halafu lile alilopewa shuleni. Akasema karatasi zikifika nimsomee mchana, na kila nitakapokuta doa jeusi kwenye sehemu za mdogo wake niandike juu yake kwa kalamu. Lile la Kikree, akasema. Lile jingine waache walivyolifuta.