Gari ya tabo ikikugomea mlimani: tupeane uzoefu, hasa wa Nyanda za Juu Kusini

Mwana Inyala
Wakuu, habari za jioni. Jana natoka Makambako na Prado yangu ya tabo (ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada), injini 1KD, dizeli. Igawa mpaka Igurusi gari inateleza tu. Nafika Inyala naanza kupanda, mbele yangu tenki la mafuta la kwenda Zambia linatambaa. Nakanyaga nilipite: mshale wa mizunguko ya injini unafika 2,500, hapo hapo gari inajifunga utadhani nimefungiwa trela la mahindi. Nikiachia mguu inatulia, nikikanyaga tena ni yale yale. Nyuma moshi mweusi. Kwenye dashibodi hakuna taa hata moja. Mlima Nyoka nimeupanda na gia ya pili, bodaboda wananipita wananiangalia kwa huruma.

Leo asubuhi fundi mmoja kafungua boneti, hakushika kitu, kasikiliza tu, kasema, "Tabo imekufa, andaa milioni mbili na laki tatu." Chai yenyewe imenishinda. Kabla sijauza ng'ombe, aliyewahi kukutwa na hili aseme lilimkuta wapi na ugonjwa ulikuwa nini.

Viazi Lumbesa
Filta ya dizeli. Canter yangu, Njombe kwenda Dar, kila mlima inalia. Filta ilijaa maji na uchafu wa dizeli ya madumu. Shilingi 30,000. Nimemaliza.

Mtoto wa Mwanjelwa
Umemaliza nini sasa? Mwenzako kasema moshi mweusi. Dizeli ikiwa haifiki, huo moshi mweusi utatoka wapi? Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, hewa ndiyo haitoshi.

Viazi Lumbesa
Nimesema iliyonikuta mimi. Mada ni uzoefu, sio mtihani wa VETA.

Subaru Damu
Hii mada imenitoa jasho. Nilidhani nimeshasahau.

Mwaka juzi, Forester ile ya tabo, petroli. Natoka Morogoro, tumekula Ruaha Mbuyuni, nimepakia gunia zima la vitunguu, mke mbele, watoto wawili na shemeji nyuma. Wanaoijua Kitonga hawahitaji kuelezwa: upande huu ukuta wa mlima, upande ule korongo, na mbele yako semi sita zimefuatana kama wanaokwenda kisimani. Ukishuka ukatembea kwa miguu unaziacha. Sasa mimi nina jeuri ya tabo. Palipo nyooka kidogo nikaona mbele kweupe. (Najua kuna mstari. Najua. Msinianze.) Nikashusha gia, nikakanyaga mpaka kwenye zulia.

Semi ya kwanza nimeipita. Niko ubavuni mwa ya pili, nikasikia PUUH, kama mtu kapasua puto ndani ya boneti. Nguvu ikapotea. Sisemi ilipungua, nasema ilipotea. Injini inakohoa, nyuma moshi mweusi kama tanuri la matofali, mguu uko chini kabisa na gari inarudi kwenye mwendo wa semi. Tumelingana, mimi na tairi zake, simpiti wala hanipiti. Juu kwenye kona likatokea basi linashuka.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliweka mkono gotini kwangu akasema, "Baba watoto, breki." Mimi nilikuwa bado nakanyaga mafuta yasiyo na kazi! Nikashika breki, semi ikasogea mbele, na yule wa nyuma niliyempita kwa mbwembwe alikuwa ameshapunguza, kaniachia nafasi. Nikaingia. Basi likapita na honi moja ndefu, upepo wake ukatikisa kioo cha pembeni. Injini ikazima papo hapo. Utingo wa semi ya nyuma alisharuka na gogo lake, kaliweka nyuma ya tairi langu kabla sijavuta hendibreki. Akanichungulia dirishani akasema, "Shikamoo Subaru."

Ugonjwa: mpira unaotoka kwenye tabo kwenda intakula (kile kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini) ulichomoka. Wiki ile fundi alifungua intakula kutafuta oili inapovuja, akairudisha, klempu hakuikaza. Na hii ni petroli yenye sensa ya hewa pale mwanzo wa njia. Kompyuta inahesabu hewa iliyoingia mlangoni, haijui kwamba imetorokea katikati, inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Ndiyo moshi, ndiyo kukohoa, ndiyo kuzima. Kutengeneza: bisibisi, dakika nane. Shemeji mpaka leo akija kututembelea anapanda basi.

Kamwene Ilula
Kamwene. Bisibisi na dakika nane, na ungezikwa pamoja na vitunguu. Nyie wa Subaru tunawaokota kila wiki hapa juu.

Subaru Damu
Nilikiri mwenyewe kwenye mabano, mzee.

Mwalimu wa Zamu
Niongeze kitu ambacho watu wa huku tunakiishi bila kukiona. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya ile ya Dar. Gari isiyo na tabo imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake kabla hujawasha redio. Yenye tabo inajifidia kwa kuzungusha feni zaidi, inasukuma hewa mpaka itoshe. Ndiyo maana mpira wenye ufa mdogo Dar unaweza kukaa nao mwaka mzima bila kujua, ukifika Isyonje, kule juu njia ya Tukuyu, unaadhirika. Tabo imeshatumia akiba yake yote kufidia mwinuko, haina ya kufidia tundu.

Baridi Makete
Mwalimu umeeleza vizuri, ila mimi nilitoa tabo kabisa nikaziba. Tangu hapo sijui habari za intakula wala klempu. Amani tupu.

Mtoto wa Mwanjelwa
Na Chimala kwenda Matamba, zile kona 57, unapandaje?

Baridi Makete
Napanda.

Kamwene Ilula
Anaondoka Jumatatu.

Fundi Spana
Mwana Inyala, mimi niko Sae, ila sikuiti kwangu, nakuambia tu. Usinunue tabo kwa kusikilizwa boneti. Tabo iliyokufa ina dalili zake: moshi wa bluu kwa sababu inakunywa oili, au mlio wa chuma kusagika, au ukitoa bomba la hewa ukashika feni kwa vidole (injini IMEZIMWA, sio mtajaribu ikiwaka mkose vidole) unakuta inacheza juu chini na bawa linagusa ukuta. Kama inazunguka laini na haigusi, iache na maisha yake.

Kwako nashuku hewa inavuja baada ya tabo. Pitisha mkono kwenye mipira yote ya intakula, hasa CHINI, usikoona kwa macho. Ndani ya mabomba hayo huwa kuna mvuke wa oili kidogo, hivyo panapovuja vumbi hunata panakuwa kama pamepakwa mafuta. Hujaona? Ziba mdomo wa njia ya hewa, ingiza upepo wa kujazia tairi, kidogo tu, usizidishe psi 15, mwagia maji ya sabuni. Povu litakuonyesha.

Kuhusu mashine ya kupima: wengi wanachomeka, hakuna kodi (namba ya hitilafu), wanasema gari nzima. Mwambie akuonyeshe namba gari ikiwa inatembea mlimani. Presha ya tabo inayotakiwa na inayopatikana, zikiachana una jibu. Aangalie na presha ya reli ya dizeli (bomba linalogawa dizeli kwenye nozeli) hapo hapo, isije ikawa Viazi Lumbesa alikuwa sahihi.

Viazi Lumbesa
Asante fundi.

Mtoto wa Mwanjelwa
Kuna jamaa aliniambia sensa ya hewa unaisafisha kwa petroli na mswaki. Ni kweli?

Fundi Spana
Mswaki ni wa meno. Ile sensa ina waya mwembamba kama unywele. Kuna dawa yake ya kupuliza.

Baridi Makete
Mimi natumia petroli miaka yote.

Kamwene Ilula
Wewe gari yako imebaki na nini cha kuharibika?

Dada Parachichi
Samahani naingilia mazungumzo ya kinababa, ila mmenikumbusha msiba.

Tulikuwa tunapeleka mwili Tukuyu, marehemu ni babu yangu mdogo. Hiace ya injini 1KZ, ya tabo, ya ndugu yetu mmoja. Jeneza katikati, sisi wanawake pembeni, wazee mbele. Uyole tumetoka vizuri, Igawilo vizuri, mlima wenyewe ulipoanza gari ikaanza kuishiwa. Dereva anakanyaga, inanguruma, haiendi. Ikafika mahali ikasimama kabisa. Akazima.

Mzee mmoja akashuka. Akafungua mlango wa nyuma, akavua kofia, akaanza kuongea na marehemu kwa Kinyakyusa. Wote kimya. Mnajua tena, marehemu akiwa ameondoka na donge lake hakubali kwenda. Aliongea kama robo saa. Dereva akawasha: gari ikaondoka kama mpya! Wamama wakapiga vigelegele, wengine wanalia.

Kilomita mbili tatu, ikafa tena. Mzee akashuka tena. Robo saa. Gari ikawaka, ikapanda. Mbele kidogo kabla ya Isyonje, mara ya tatu! Sasa na ukungu umeshuka, baridi ile mnayoijua, watu wameanza kutazamana nani alimkosea marehemu. Shangazi yangu mmoja akaanza kuungama mambo ya shamba ambayo hakuna aliyemuuliza.

Ikasimama Fuso ya viazi. Dereva wake akashuka, akavua kofia, akatupa pole, akamsogelea dereva wetu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Filta ya hewa ilifunguliwa lini mara ya mwisho?" Akajibu, jana, fundi aliipuliza vumbi. Yule akafungua boksi la filta, akaingiza mkono, akatoa TAMBARA. La kufutia. Fundi alilisahau humo.

Akatuonyesha: ukikanyaga, injini inavuta hewa kwa nguvu, tambara linanyanyuka linaziba mdomo wa bomba. Ukizima, linaanguka chini. Ukiwasha, njia nyeupe, mpaka mlima ulivute tena.

Mtoto wa Mwanjelwa
Nimecheka nikiwa kwenye daladala, watu wananiangalia.

Kamwene Ilula
Kwa hiyo mzee alikuwa anaongea na tambara.

Baridi Makete
Msidharau. Pale mko karibu na Ngosi. Ziwa lile sio la mchezo. Na kwa nini Fuso ilisimama saa ile ile?

Fundi Spana
Ilisimama kwa sababu mlikuwa mmeziba barabara.

Baridi Makete
Fundi, yapo mambo ambayo spana haifungui.

Subaru Damu
Mimi naona vyote vinawezekana. Marehemu angeweza kulitumia hilo hilo tambara.

Mwalimu wa Zamu
Robo saa ya maombi ni robo saa ya injini kuzimwa. Jaribio limerudiwa mara tatu, matokeo yale yale.

Mwana Inyala
Jamani. Prado yangu.

Viazi Lumbesa
Angalia kama kuna tambara.

Kamwene Ilula
Mwana Inyala, ukishapanda mlima usizime injini ghafla. Iache iungurume dakika moja mbili, tabo ipoe, oili isiungue humo ndani.

Mtoto wa Mwanjelwa
Hiyo ni ya magari ya zamani.

Kamwene Ilula
Prado ya 1KD unaiita ya mwaka gani? Na Kitonga imekuwa ya kisasa lini?

Mwana Inyala
Narudi, siku ya tatu leo. Nimefuata maneno ya Fundi Spana. Boksi la filta: hakuna tambara (nimeangalia, nacheka mwenyewe). Feni ya tabo haichezi. Mipira kwa juu mizuri kabisa, inang'aa. Nikapitisha mkono chini ya ule unaoingia intakula, kidole kikazama. Umechanika urefu wa kiberiti, na pembeni vumbi limeganda kwa oili kama alivyosema. Kwa muda nimeufunga kwa kipande cha mpira na klempu mbili, mpira wenyewe nimeagiza Dar. Jioni hii nimepanda Mlima Nyoka gia ya nne, moshi hakuna, nimewapita bodaboda wote, mmoja mmoja, nikiwaangalia.

Nimempigia yule fundi wa milioni mbili na laki tatu. Kasema, "Sawa, lakini tabo nayo ilikuwa inaelekea huko huko."

Viazi Lumbesa
Badilisha na filta ya dizeli.

Subaru Damu
Dada Parachichi hujatumalizia. Mzee alikuwa anamwambia nini marehemu?

Dada Parachichi
Mara ya kwanza alimwomba radhi kwa niaba ya ukoo. Mara ya pili akamwahidi ng'ombe. Mara ya tatu alimwambia, "Sasa unatuaibisha."

Subaru Damu
Na baada ya tambara, ng'ombe ikawaje?

Dada Parachichi
Alichinjwa. Mzee alisema yeye hakuliahidi tambara.