Boti imelala tangu kabla ya korona, naiwashaje kabla ya Jumamosi?

Baharia_wa_Rongai
Wadau hamjambo. Nina boti ndogo ya faiba, iko kwenye trela hapa Rongai tangu kabla ya korona. Mashine ni Yamaha ya 40, haijawahi kusumbua. Jumamosi nataka kuishusha Ziwa Naivasha. Maswali ni mawili tu: ninunue betri gani, na petroli iliyobaki kwenye tangi, nikiiongezea mpya itafaa? Tafadhali msilete mzaha, nina haraka.

Jirani_Mwema
Naivasha ya nini na Nairobi Dam iko hapo Lang'ata? Pale haizami hata ukitaka, magugu yataishika.

Mama_Kinyozi
Petroli ya zamani usiiguse. Nilikuwa na jenereta ya kinyozi, nikaisahau stoo. Siku stima ilipopotea nikaiwasha, ikapiga chafya ikanyamaza. Fundi akafungua kabureta akanionyesha utomvu wa kahawia umeziba vile vitundu vyote. Mteja alikuwa ashaenda zake na nusu kichwa, na hakulipa hata hiyo nusu.

Mzee_wa_Dunga
Kijana, betri ndiyo ya mwisho. Mwaga petroli yote, safisha tangi na kabureta, badilisha mipira ya petroli ikiwa imepasuka. Kile kipira cha pampu ya maji kikikaa sana hukauka na kubaki kimejikunja, weka kipya bila kubishana. Legeza skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Baadaye ndiyo uiwashe, mguu wa mashine ukiwa ndani ya pipa la maji, macho kwenye kijitundu cha kutemea maji. Kisipotema, zima papo hapo.
Sasa niambie, mara ya mwisho ilikuwa maji ya chumvi au maji baridi? Na ilizimwaje?

Baharia_wa_Rongai
Kilifi. Ilizimwa kawaida.

Mzee_wa_Dunga
Kawaida vipi?

Dereva_Mzito
Kabla hamjafika kwa mashine, trela je? Beringi zilizokaa bila grisi, halafu uteremke nazo Mai Mahiu! Mimi niliwahi kuona gurudumu likinipita upande wa kulia, nikacheka, nikidhani ni la mtu mwingine.

Baharia_wa_Rongai
Sawa, mzee. Ilipinduka. Mashine ikanywa maji. Lakini tuliitoa siku hiyohiyo tukaianika juani ikakauka kabisa. Boti ni ya shemeji, yuko Qatar, hana habari na sioni sababu ya kumtia presha. Vijana wa kanisa washalipa nusu ya nauli, siwezi kurudisha. Jana nimevuta kamba, ilikuwa ngumu kidogo halafu ikaachia. Hiyo ni dalili nzuri, sivyo?

Mzee_wa_Dunga
Wacha kuvuta hiyo kamba! Hilo jua ndilo lililowamaliza. Mashine ikizama chumvini huoshwa kwa maji baridi, hutiwa oili, huwashwa ndani ya saa chache. Fundi akiwa mbali, afadhali ibaki ndani ya pipa la maji baridi kuliko ikae kwenye hewa, maana hewa ndiyo inaleta kutu. Toa plagi, mimina oili ya kulegeza kutu, iache ilowe, kisha zungusha kwa mkono taratibu. Na hata ikizunguka, hiyo ni ya kufunguliwa yote. Beringi za ndani sizitarajii.

Dada_Zaburi
Mimi sijui mashine, najua kuazima. Mali ya mtu umeizamisha, umemficha, sasa unaifanyia biashara, tena na watoto wa kanisa! Boti ya abiria hukaguliwa na Kenya Maritime Authority, hata ikiwa ya ziwani. Jaketi za kuokolea maisha unazo? Mpigie shemeji.

Mpelelezi_Huru
Huu uzi ni hadithi ya kutungwa. Mashine inawashwa kwa kamba, betri ni ya nini? "Haijawahi kusumbua" imegeuka kuwa ilizama. Kesho tutaambiwa shemeji ni papa.

Jirani_Mwema
Nami nilishuku. Boti Rongai, ambako hata maji ya kunywa tunaletewa na bowsa?

Baharia_wa_Rongai
Betri ni ya taa na ile pampu ya kutoa maji ndani ya boti. Nimeweka picha, haya.

Mpelelezi_Huru
Boti ipo. Ila mbona ina kuku?

Baharia_wa_Rongai
Wanatagia humo. Haihusiani.

Mzee_wa_Dunga
Achana na kuku. Naona ufa karibu na bolti zinazoshika mashine, pale nyuma. Chukua bisibisi, gonga kwa mpini wake pande zote mbili, uniambie sauti.

Baharia_wa_Rongai
Kushoto inalia ko, ko. Kulia inalia bu.

Mzee_wa_Dunga
Hiyo bu ni mbao iliyooza ndani ya faiba. Mashine ya kilo sabini na ushei ikisukuma hapo, itang'oka na ubao wake.

Baharia_wa_Rongai
Na nikiwapeleka polepole, karibu na ufuo tu?

Dereva_Mzito
Ufuoni ndiko kwenye viboko.

Mama_Kinyozi
Hao kuku unauza?