Wasifu wa Lushoto: mbona idadi ya watu inagongana kila chapisho?

Mtu wa Soni:
Habari zenu wakuu. Naandaa wasifu mfupi wa mji wa Lushoto, idadi ya watu na historia yake. Nimekwama kwenye takwimu. Chapisho moja linasema watu 492,441, jingine la karibuni linataja idadi ndogo kuliko hiyo kwa mbali, na lingine linataja maelfu machache tu. Ipi sahihi? Na kwenye historia nianzie wapi, kwa Wajerumani?

Karani Mstaafu:
Mkuu, zote zaweza kuwa sahihi, maana "Lushoto" ni vitu vinne: kata, mji mdogo, halmashauri na wilaya. Kabla hujaandika tarakimu yoyote, angalia kichwa cha jedwali kinasema ipi.

Hiyo 492,441 ni ya wilaya nzima kwenye sensa ya 2012, Bumbuli ikiwemo. Baadaye Bumbuli ikawa halmashauri inayojitegemea, na sensa ya 2022 ikaiorodhesha peke yake. Ndiyo maana ukilinganisha 2012 na "Lushoto" ya 2022 unadhani watu wamehama kwa kishindo, kumbe ni mpaka uliohama. Chukua halmashauri zote mbili za 2022, jumlisha, ndipo ulinganishe. Kwa mji wenyewe usitumie jedwali la wilaya kabisa. Fungua taarifa ya idadi ya watu kwa kata, kisha tazama mgawanyo wa mjini na vijijini ndani ya kila kata, kwa sababu kata ya mlimani inaweza kuwa na soko na stendi upande huu na mashamba matupu upande wa pili.

Kasi ya ongezeko: gawa idadi mpya kwa ya zamani, tafuta logi asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), gawa kwa miaka iliyopita, zidisha kwa 100. Wilaya ilikuwa na karibu watu 419,000 mwaka 2002, hivyo hadi 2012 unapata kama asilimia 1.6 kwa mwaka. Taifa zima kipindi hicho lilikuwa asilimia 2.7. Pengo hilo ndilo la kueleza kwenye wasifu, kuliko idadi yenyewe.

Mtu wa Soni:
Shukrani sana. Pengo linatokana na nini, watu wanazaa kidogo?

Karani Mstaafu:
Usikimbilie huko, tazama jinsia kwanza. Mwaka 2012 wilaya ilikuwa na wanaume 230,236 na wanawake 262,205, yaani wanaume 88 kwa kila wanawake 100. Kitaifa walikuwa 95. Wanaokosekana wengi ni vijana wa kiume walioshuka kutafuta kazi, Tanga, Dar na kwingineko. Sensa ilihesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, kwa hiyo mwenye nyumba na shamba Lushoto aliyelala Kariakoo alihesabiwa Kariakoo. Chora piramidi ya umri na jinsia ya wilaya (mchoro wa wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, kwa kila rika), utaona upande wa wanaume umeliwa kuanzia umri wa kutafuta kazi.

Na achana na msongamano wa wastani. Wilaya inashuka mpaka nyika ya Umba upande wa kaskazini, kukavu na watu wachache. Ukigawa watu wote kwa eneo lote, mlima unaonekana una nafasi wakati mashamba yake yamegawanywa kwa warithi hadi yamebaki vipande.

Bonde la Mlalo:
Naongezea upande wa historia. Ukianzia kwa Wajerumani utakuwa umeruka utawala wa Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa, na makao yao hayakuwa Lushoto. Yalikuwa Vugha, ambako leo ni upande wa Bumbuli. Mmisionari Krapf alifika huko 1848 akamkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai. Kimweri alipofariki 1862 nchi iliingia vitani, na mwanawe Semboja akiwa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, akapata nguvu ya bunduki na biashara ambayo mlimani haikuwepo.

Mji wa Lushoto ni zao la Wajerumani kweli. Waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya mlima, 1905, na kutoka hapo ni kilomita zipatazo 32 za kona hadi mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Baridi ndiyo iliyowavuta. Usiandike kwamba ulikuwa mji mkuu wa koloni. Mji mkuu ulikuwa Dar es Salaam tangu 1891.

Usisahau matuta. Baada ya Vita vya Pili serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo kulima kwa matuta kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, nyingi ikawaangukia wanawake, na TANU ikapata wafuasi humo humo. Mpango ukafa kabla ya uhuru. Hili linaungana moja kwa moja na hesabu za Karani hapo juu: ardhi ya mteremko, watu wengi, vijana wanaondoka.

Mtu wa Soni:
Nimeelewa. Swali la mwisho: asilimia za makabila na dini nazipata wapi? Mtandaoni naona watu wanaziandika kwa uhakika kabisa.

Karani Mstaafu:
Kwenye sensa hazimo. Mara ya mwisho kuuliza kabila na dini ilikuwa 1967. Yeyote anayekupa asilimia ya leo ya Wasambaa, Wapare na Wambugu, au ya Waislamu na Walutheri, muulize kaitoa wapi. Wataje kwa majina na maeneo yao bila asilimia, au tumia takwimu za 1967 na uandike mwaka pembeni yake.