Mjadala: Uchumi ukiyumba, chama kilichoshinda Marekani kiachwe kitawale?

Ndugu zangu, swali langu ni hili. Uchumi wa Marekani unapoporomoka, chama kilichopewa ushindi kiachwe kitekeleze ilani yake, au kifungwe mikono mpaka wapinzani waridhie? Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge vizuri: kiachwe kitawale, kisha kihukumiwe kwenye sanduku la kura. Naishi Maryland tangu 2007, na gharama ya ule mtindo mwingine nimeiona kwa macho.

Nianze na 29 Septemba 2008. Benki kubwa ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka wiki mbili kabla, na Rais George W. Bush anaomba dola bilioni 700 za kuokoa mabenki. Nilikuwa chumba cha mapumziko kazini, sote tumeikodolea macho televisheni: huku idadi ya kura, kule hisa. Kila kura za "hapana" zilipoongezeka, hisa zikateremka. Muswada ukaanguka katika Baraza la Wawakilishi, 228 dhidi ya 205, na kati ya hao 228, 133 walikuwa Warepublikan, chama cha rais mwenyewe. Siku hiyo Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa, ilipoteza pointi 777. Mzee mmoja pale alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na akiba yake yote iko kwenye hisa. Aliweka kijiko chini, akafunika chakula chake, akatoka.

Siku nne baadaye muswada ukapita. Kuna ndugu tunayejadiliana naye mara kwa mara, yeye anasema hapo ndipo mvutano ulipozaa matunda, kwa kuwa toleo la pili lilipandisha bima ya amana za wananchi kutoka dola 100,000 hadi 250,000. Namkubalia, ilikuwa nyongeza njema. Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachosamehe ushuru mishale ya mbao ya watoto. Watu wanapoteza nyumba, na ili kura zitoshe inabidi kila mwenye lake achomeke lake. Ridhaa ya namna hiyo hainunuliwi kwa hoja.

Mwaka uliofuata mambo yakawa wazi zaidi. Barack Obama aliingia Ikulu Januari 2009, chama chake cha Wademokrat kikiwa na wingi katika mabaraza yote mawili. Mpango wake wa kufufua uchumi, dola bilioni 787, haukupata kura hata moja ya Mrepublikan katika Baraza la Wawakilishi. Seneti ina watu 100, lakini kufunga mjadala ili muswada upigiwe kura kunahitaji 60, kwa hiyo hatima ya mpango ikawa mikononi mwa Warepublikan watatu: Susan Collins, Olympia Snowe na Arlen Specter. Ukapunguzwa ili wakubali, na fungu maalumu la ujenzi wa shule likaondolewa. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10. Je, ni kwa sababu mpango ulikuwa mbaya, au kwa sababu ulikatwa? Mpiga kura wa kawaida angejuaje? Novemba 2010 Warepublikan walijiongezea viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Waliopunguza dawa ndio waliokuja kuuliza kwa nini mgonjwa hajapona, na mimi hilo bado linaniuma.

Mtaniuliza: kama chama kimoja kina Ikulu na kingine kina Baraza, mshindi ni nani? Hapo swali ni gumu, sikatai. Wakae wavutane juu ya bajeti, katiba inataka hivyo. Ninachopinga ni silaha ya ukomo wa deni, yaani kiwango cha juu ambacho serikali inaruhusiwa kukopa. Ukomo huo hauongezi matumizi mapya, unahusu kulipa yaliyokwisha kuidhinishwa. Ni kama familia imeshakula hotelini, bili imeletwa mezani, ndipo inaanza kubishana kama itoe pesa. Mwaka 2011 walibishana hadi dakika za mwisho, na tarehe 5 Agosti Standard & Poor's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa, ikaishusha Marekani daraja la mikopo kutoka AAA hadi AA+, kwa mara ya kwanza, ikitaja waziwazi mvutano wa wanasiasa.

Serikali kufungwa kwa kukosa bajeti iliyoidhinishwa nako ni tawi la mti huo huo. Kuanzia 22 Desemba 2018 ilifungwa kwa siku 35 kwa sababu ya ukuta wa mpakani, na wala hakukuwa na mdororo wakati ule. Jirani yangu, mama wa Kitanga, hukagua mizigo uwanja wa ndege. Alinionyesha karatasi yake ya mshahara: saa zote alizofanya kazi zimeandikwa, na chini kabisa, dola 0.00. Yeye na wenzake walilipwa baadaye. Rafiki yake anayefanya usafi kwenye jengo la serikali kupitia mkandarasi hakurudishiwa hata senti, na kodi ya nyumba ya Januari ilidaiwa kama kawaida.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya 2021. Wademokrat walipitisha peke yao mpango wa dola trilioni 1.9 wa kukabili makali ya korona, Seneti kura 50 kwa 49, kwa njia ya kibajeti isiyohitaji 60. Juni 2022 mfumuko wa bei ukafika asilimia 9.1. Sehemu gani ilitokana na fedha zile, na sehemu gani na vita vya Ukraine na mizigo iliyokwama bandarini, wachumi bado wanabishana. Lakini angalieni kilichofuata: kila mtu aliyesimama mbele ya rafu ya mayai alijua serikali ni ya nani, na 2024 wakaiondoa. Mimi niliumia na bei zile kama wengine. Hata hivyo, kwa mara moja, aliyeamua ndiye aliyewajibishwa.

Sasa anayetetea kanuni ya 60 anijibu hili: mpango wa 2009 uliopunguzwa ulipochelewa kuleta kazi, mwananchi aliyekuwa na kura moja tu alipaswa kumwadhibu nani?