Tupeane uzoefu: kanuni ya klabu ya tenisi iliyowahi kukuumbua uwanjani

Mgeni wa Udongo

Wakuu, salaam.

Nimejiunga na klabu ya tenisi hapa Dar miezi michache iliyopita. Mchezo nilijifunzia ukubwani, kwenye uwanja wa saruji wa chuo, wavu una tundu katikati, raketi mnapokezana. Kule kanuni ilikuwa moja tu: aliyefungwa atoke. Sasa nimeingia mahali penye ubao wa kanuni 23 mlangoni, nikazisoma zote kama mtu anayejiandaa na mtihani, na siku niliyoumbuka hakuna hata moja kati ya hizo 23 iliyonisaidia.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Nimevaa raba zangu za kukimbilia, mpya kabisa, zenye meno. Uwanja ni wa udongo, umenyunyiziwa maji na kupigwa brashi mpaka unaona haya kuukanyaga. Tumecheza gemu tatu, mara mpinzani wangu akanyanyua mkono, macho yako nyuma yangu. Nikageuka. Mzee mtunza uwanja ameinama pale ninaposimama kusevu, yaani kuanzisha mpira, anapima kwa vidole shimo nililochimba. Hakunifokea. Akaniuliza tu, "Baba, hapa umeshalima. Tupande mahindi au mihogo?"

Uwanja wa pili walisimamisha mchezo ili wacheke vizuri.

Kumbe udongo una viatu vyake, vile vyenye soli ya zigizagi kama mifupa ya samaki, vinashika bila kuchimba. Na kumbe ukimaliza kucheza unaacha uwanja kama ulivyoukuta. Mzee akanipa ile brashi pana ya kuburuza, akanielekeza nianzie pembezoni, kwenye uzio, nizunguke nikiingia ndani. Nikamuuliza kwa nini nisianzie katikati. Akasema ukivuta kutoka ndani kwenda nje, udongo mzuri wote unahamia kwenye uzio, baada ya mwaka mnacheza kwenye bakuli. Mistari inafagiliwa mwisho. Nilizunguka huku watu wakinywa soda kibarazani, wengine wananihesabia mizunguko.

Kwa hiyo nauliza: zile kanuni ambazo hazipo ubaoni, nyinyi mlizijuaje? Nani aliwafundisha, na iliwagharimu nini?

Leti ya Pili

Naweka kambi hapa. Mahindi au mihogo! Nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

Mama Bekihendi

Yangu ni ya Nairobi, miaka mingi imepita lakini nikikumbuka bado nasikia joto masikioni.

Viwanja vinne vimepangwa mstari mmoja, lango liko upande mmoja tu. Mimi nacheza cha nne. Nilivyolelewa, huwezi kupita watu bila salamu, hiyo ni tabia mbaya. Basi nikapita nyuma ya uwanja wa kwanza nikasema hamjambo, kwa sauti. Mama mmoja alikuwa katikati ya pointi. Akaudaka mpira kwa mkono, akanigeukia, akajibu, "Hatujambo mwanangu, karibu. Ni thelathini kwa kumi na tano, na tunairudia kwa sababu yako."

Nikafika uwanja wa pili, nikanyamaza, lakini nikapita hivyo hivyo mpira ukiwa unachezwa. Huko hawakunijibu kwa upole.

Siku hiyo nilielewa kwamba kwenye tenisi adabu ni kusubiri langoni. Pointi ikiisha unapita haraka, umekaribia uzio, halafu unasubiri tena kwa wanaofuata. Salamu mtapeana wakibadilisha upande. Na mpira wako ukikimbilia kwa jirani, usiufuate. Unasubiri wamalize, unanyoosha mkono, unarudishiwa. Ukiwa wewe ndiye unayeurudisha, uviringishe au uupige polepole umfikie mtu mkononi, si kuubutua uangukie uwanja wa tatu.

Kocha Mtaani

Nyongeza kwa Mama Bekihendi: mpira wa jirani ukiingia kwenu mkiwa mnacheza, mtu yeyote anaita "leti!" papo hapo na pointi inarudiwa. Papo hapo, wakuu. Si unapiga kwanza, ukiona umeweka wavuni ndiyo unakumbuka kwamba kulikuwa na mpira.

Chokaa

Viatu na salamu ni mambo madogo. Ugonjwa wa klabu zetu ni AUTI, kuita kwamba mpira umetoka nje.

Niko mkoani, klabu yetu ina viwanja viwili vya udongo na wanachama ambao wengi ni wastaafu. Hatuna refa. Kila mtu anaamua mipira ya upande wake, ndivyo ilivyo dunia nzima kwenye mechi zisizo na refa. Mpira uliogusa mstari hata kwa unywele ni mzuri. Kama hukuuona vizuri, ni mzuri, pointi ya mwenzako. Hakuna "sikuona, turudie". Mkiwa wawili wawili, wewe unasema auti mwenzio anasema ndani, basi ni ndani.

Sasa tuna mzee wetu mmoja, mtu mwema, msibani yuko mbele, harusini yuko mbele. Lakini uwanjani mtoto wa jicho yuko machoni, ulimini hayupo. Mpira ukiwa bado hewani tayari "auti!" ameshaitoa. Nilimvumilia mwaka mzima. Siku moja nikapiga mpira ukatua kwenye kona, chokaa ikaruka, niliiona ikiruka. "Auti!" Nikasogea wavuni, nikamwambia kwa heshima zote, mzee, naomba unionyeshe alama. Udongo unaacha alama, ndiyo raha yake. Mzee akaitazama alama. Kisha akapitisha kiatu juu yake, taratibu, kushoto na kulia, kama mtu anayezima sigara. Akasema, "Alama ipi?"

Niambieni wakuu: unamwambiaje mtu uliyempa shikamoo dakika kumi zilizopita kwamba anaiba?

Leti ya Pili

Kama mtu anayezima sigara 😂😂 huyo mzee apewe kadi ya kudumu.

Kocha Mtaani

Mkuu Chokaa, hapo pointi ilikuwa yako bila mjadala. Kanuni za shirikisho la kimataifa la tenisi kwa mechi za udongo zisizo na refa ziko wazi: ukiombwa alama lazima uionyeshe, mpinzani anaruhusiwa kuvuka wavu kuja kuitazama, na ukiifuta umekubali kwamba mpira ulikuwa mzuri. Aliyezima sigara amejifunga mwenyewe.

Kuhusu shikamoo, mimi namuuliza mara moja tu: "Mzee, una uhakika?" Akisema anao, namwachia. Swali hilo halimvunjii heshima, ila linambakia kichwani. Mpira wa tatu utamwona anainama kutazama. Asipobadilika, mechi ijayo naomba mtu wa tatu akae kwenye kiti. Wengine hujilipiza kwa kuiba na wao, siku mbili tu klabu nzima haina mpira unaoangukia ndani.

Upande wa Pili wa Uzio

Nimesoma nikaona na mimi niandike, maana hadithi hizi nazijua kutokea upande mwingine. Mimi nilikuwa mwokota mipira.

Nilianza nikiwa na miaka 11, baada ya shule. Kanuni zetu hazikuandikwa popote. Mpira unauviringisha chini, huurushi. Anayesevu anapewa miwili, unamwonyesha kwanza ili aone ni mipya au iliyochoka. Pointi ikichezwa unakuwa mti, hata inzi akikaa puani. Raketi ya mwanachama hushiki mpaka akupe mwenyewe. Kibarazani hufiki, maji yetu yalikuwa bomba la nyuma ya chumba cha pampu. Babu yangu alifanya kazi hiyo hiyo enzi za mkoloni, akiingilia mlango wa jikoni. Mimi niliingilia lango la wafanyakazi. Ni hatua, sijui ya urefu gani.

Kwa hiyo huyo mzee wa Chokaa ninamjua, kila klabu inaye. Wa kwetu alikuwa na kawaida ya kugombana na mpinzani halafu wananigeukia mimi: "Kijana, wewe ulionaje?" Nilikuwa nimeona. Nilikuwa karibu na mstari kuliko wote wawili. Lakini anayeuliza ni mgeni wa siku moja, na aliyeita auti ndiye anayenilipa jioni. Nilikuwa nasema, "Jua lilikuwa machoni." Saa kumi na moja na nusu, jua liko mgongoni kwangu. Walijua, na mimi nilijua kuwa wanajua.

Tenisi nilijifunza Jumatatu. Asubuhi ya Jumatatu uwanja ulifungwa kwa matengenezo, na mtunza uwanja akishamaliza kubandika mistari upya alikuwa anatuachia saa nzima kabla ya kumwagia maji. Tulikuwa sita, raketi mbili, moja imekatika nyuzi tatu. Huko hakuna aliyewahi kuita auti mpira mzuri, kwa sababu wengine wanne walikuwa wamekaa kwenye mstari wakisubiri zamu.

Leo ninafundisha. Nikianza na mtoto mpya, mwezi wa kwanza anaokota mipira ya wenzake.

Mama Bekihendi

Upande wa Pili, hiyo ya jua mgongoni nimeisoma mara mbili. Pole, na hongera.

Bi Skafu

Mimi niko pwani. Kwetu vita ni ya mavazi. Ubao unasema "nyeupe tupu". Mimi navaa suruali ndefu nyeusi ndani, sketi nyeupe juu, na ushungi mweupe. Kamati ikaniita. Mjumbe mmoja akaniambia, "Bibie, sisi hapa tunafuata Wimbledon." Nikamjibu, basi fuateni mpaka mwisho, maana Wimbledon wenyewe, yale mashindano ya Uingereza yenye sharti la nyeupe, tangu 2023 wameruhusu wanawake kuvaa kaptura za ndani za rangi ya giza, baada ya wachezaji kueleza shida ya kucheza na nyeupe siku za hedhi. Wajumbe wote wanaume, watano. Neno hedhi lilipotua mezani kila mmoja alikumbuka kwamba ana miadi mahali. Kikao kiliisha, sijaitwa tena.

Nyeupe yenyewe siichukii, jamani. Angella Okutoyi alipochukua ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mojawapo ya mashindano makubwa manne ya tenisi, alipendeza na nyeupe yake. Ninachokataa ni kupimwa urefu wa suruali na mtu ambaye kaptura yake ilikuwa nyeupe zamani za Mzee Mwinyi.

Mgeni wa Udongo

Bi Skafu umeua 😂

Mswahili wa Muscat

Huku joto la kiangazi halichezeki, tunaanza jioni jua likianza kulala. Adhana ya magharibi ikiita, raketi chini, hata mkiwa dyusi, yaani arobaini kwa arobaini. Shida inakuja mkirudi: kila mmoja amerudi na matokeo yake. Mmoja anasema arobaini kwa thelathini, mwingine anasema dyusi, na wote wawili wametoka kuswali.

Dawa tuliyoipata ni anayesevu kutaja matokeo kwa sauti kabla ya kila sevu, bila kuchoka. Mkibishana, mnarudi kwenye hesabu ya mwisho ambayo wote mnaikubali, mnaendelea kutoka hapo.

Mzee wa Baridi

Minnesota, Marekani. Viwanja vya manispaa, bure, hakuna kamati. Ukikuta pamejaa unatundika raketi yako kwenye uzio, hiyo ndiyo foleni, na hakuna anayeigusa. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu kasahau raketi, nikaipeleka ofisini kwa uaminifu wangu wote. Mwenye raketi alinitafuta nusu saa.

Kingine, kwenye mashindano yao madogo kila mmoja anakuja na kopo jipya la mipira, linafunguliwa moja tu. Aliyeshinda anaondoka na kopo lisilofunguliwa, aliyeshindwa anabaki na mipira iliyotumika. Mimi sasa nina ndoo nzima ya mipira iliyotumika.

Leti ya Pili

Na wale wanaojaza jina kwenye kitabu cha uwanja wiki nzima halafu hawatokei, tuwaseme au tunawaogopa?

Kocha Mtaani

Tuwaseme. Kwetu dakika kumi zikipita hujafika, uwanja ni wa aliyepo, na ukirudia jina linafutwa wiki mbili. Ilifanya kazi mpaka jina la mwenyekiti lilipofutwa. Baada ya hapo ikawa dakika ishirini.

Mgeni wa Udongo

Wakuu, mrejesho.

Jana nimekwenda na viatu vya zigizagi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, nikamkuta yule mzee mtunza uwanja amesimama langoni. Kabla hajasema nikaingia hatua moja, nikakanyaga kwa kisigino, nikatoa mguu. Kisigino kimeacha kibonyeo. Nikarudi nje nikamwambia, mzee, leo bado. Akaniangalia viatu, akaniangalia mimi, akasogea kwenye benchi nikae.

Nikatumia nafasi nikamsomea hadithi ya Chokaa na ile sigara. Hakucheka. Akasema mwaka huu atabandika mistari ya plastiki, mpira ukiigusa mlio wake ni mwingine kabisa. "Alama utaifuta kwa kiatu. Mlio utaufuta na nini?"

Kesho asubuhi nimepangiwa dabo, wawili wawili. Mwenzangu, kumbe, ni mwenyekiti wa dakika zetu ishirini. Nitawapa matokeo.