Ushauri: ampu ya pili ya kusimama pamoja na Peavey 6505+ (niko Mtwara)

Solo_Shangani (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina Peavey 6505+ kombo, wati 60, spika moja ya inchi 12. Kwa sauti nzito sina malalamiko. Tabu ni klini, yaani sauti safi isiyokwaruza. Harusi za msimu wa korosho wanataka dansi na sebene, kanisani wanataka sauti safi kabisa, na chaneli ya klini ya hii kitu inaanza kukwaruza kabla haijafikia mlio wa dramu. Bajeti 1.5m. Zilizopo: Fender Hot Rod Deluxe iliyotumika, Marshall DSL40, au Roland JC-120 mtumba wa Japani, muuzaji yuko Dar. Nataka zote mbili ziwe jukwaani, nibadilishe kwa mguu, mara nyingine zilie pamoja. Nichukue ipi?

Ridhimu_Mikindani
Marshall itoe kwanza. Si mbaya, ila nguvu yake iko kwenye distosheni (sauti ya kukwaruza), na distosheni tayari unayo. Ukiziwasha pamoja zitagombania mid (sauti za kati) na mwimbaji atapotea katikati.

Fender ina valvu mbili za 6L6, wati 40, klini yake inapendeza. Kasoro yake inajulikana: kitufe cha sauti kinaruka. Kwenye 2 bado iko chini, ukigusa 3 ukumbi mzima umekusikia. Kanisa dogo itakusumbua.

Kwa sebene mimi nasema JC-120 bila kupepesa macho. Ni transista tupu, ampu mbili za wati 60 ndani ya boksi moja, kila moja na spika yake ya inchi 12. Ukiwasha korasi (efekti ya kuyumbisha sauti), upande mmoja unabaki mkavu na mwingine unayumba, sauti zinakutana hewani. Ndiyo maana haifanani na pedali ya korasi. Hata Metallica, pamoja na uzito wote ule, sehemu zao za klini walipigia JC-120. Kitufe chake cha distosheni kisahau kama hakipo.

Mpiga_Besi_Lindi
Naongezea kuhusu wati maana watu wengi hununua namba. Kutoka wati 40 kwenda 60 unaongeza chini ya desibeli 2, sikio linaliona kwa shida. Spika ndiyo inayobadilisha mambo: yenye unyeti wa desibeli 100 ukilinganisha na ya 97 ni sawa na kuongeza wati mara mbili, bure. Soma nyuma ya spika kabla ya kusoma nyuma ya ampu.

Solo_Shangani
Asanteni wakuu. Muuzaji wa JC amenitumia picha, nyuma imeandikwa 100V. Anasema atanipa transfoma ya 110V bure. Iko sawa?

Fundi_Valvu
Mkuu, hapo ndipo ampu nyingi za Japani zinapofia. Umeme wa Japani ni volti 100, si 110. Transfoma ya 230 kwenda 110 inaipa ampu asilimia 10 zaidi hata siku umeme umetulia. Laini ikipanda hadi 250, inatoa karibu 120. Kapasita za zamani zilizopangwa karibu na kikomo chake zinavimba, transfoma ya ndani inachemka, halafu unaambiwa "JC ni mbovu".

Fanya hivi. Tafuta transfoma ya 230 kwenda 100 kamili. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya ampu, zidisha kwa mbili, hiyo ndiyo VA yako. Ya 500 itatosha na kubaki. Mbele yake weka stabilaiza, hasa ukienda kupiga kwa jenereta Newala au Nanyamba. Pima volti ampu ikiwa imewashwa, maana transfoma isiyo na mzigo hudanganya. Fyuzi ikikatika weka ya namba ileile. Ukiweka kubwa zaidi, kitakachokatika ni kitu cha ghali.

La pili, plagi ya Kijapani ni ya pini mbili, haina ethi (waya wa ardhini). Ukiunganisha na Peavey, JC itapata ethi kupitia waya wa gitaa. Inaonekana iko salama, ila siku jeki ikichomoka hakuna ethi tena, na mwenye gitaa akigusa maiki kwa mdomo anapigwa shoti. Mwambie fundi afunge waya wa nyaya tatu, ule wa kijani na njano ubanwe kwenye chesisi kwa skrubu yake yenyewe, usibanwe pamoja na skrubu ya transfoma. Hakikisha na soketi ya ukumbini ina ethi kweli.

Kabla ya kulipa: iwashe nusu saa. Tikisa boksi, springi za mwangwi zikipiga radi ni kawaida. Sikiliza spika zote mbili, moja moja. Kisha multimita kwenye volti za DC, gusa vituo vya kila spika bila kupiga gitaa. Chini ya milivolti 50, sawa. Ukiona volti kadhaa, transista za mwisho zimekufa na spika inafuata. Mvumo kama wa mvua ya mbali usikuogopeshe, JC za zamani huwa nao.

Mjumbe_Masasi
Mimi napinga kidogo. Kabla hujatoa 1.5m, chukua pedali ya priampu (hatua ya kwanza ya ampu, inayotengeneza sauti) ya klini, ichomeke moja kwa moja kwenye ritani ya lupu ya efekti ya Peavey, ile jeki ya nyuma inayopokea sauti kutoka kwenye pedali. Unaruka priampu yake yote na kutumia wati 60 za mwisho, ambazo ni safi kuliko unavyodhani. Ubaya ni kwamba huwezi kupiga ampu mbili pamoja, na spika ni ileile moja.

Solo_Shangani
Nimekupata, ila nazitaka zilie pamoja. Nikiziunganisha nakosea wapi?

Ridhimu_Mikindani
Usitumie jeki ya Y. Inaunganisha ingizo za ampu zote mbili, ukinzani unaoonwa na gitaa unashuka, na waya wa mita 10 kila upande unakula trebo. Nunua boksi la ABY (swichi ya mguu ya kuchagua ampu A, B au zote) lenye bafa (saketi inayolinda nguvu ya sauti) na transfoma ya kutenganisha upande mmoja. Bila hiyo ampu mbili zenye ethi zitavuma. Kuna watakaokwambia ukate pini ya ethi mvumo uishe. Usithubutu.

Ukizipiga pamoja, simama mbele katikati, piga waya wa sita, ule mnene. Besi ikitoweka na sauti ikawa nyembamba, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Hatua nyingi za valvu hugeuza mawimbi, na idadi ya hatua hailingani kati ya ampu na ampu. Jaribu chaneli zote mbili za Peavey. Kama zote zinapingana na JC, zima kila kitu kisha geuza nyaya kwenye spika ya Peavey. Kama ni chaneli moja tu, itabidi boksi la ABY liwe na swichi ya polariti, ya kugeuza mawimbi ya upande mmoja.

Kwenye sauti nzito JC ikae chini ya Peavey, korasi imezimwa, trebo kwenye 3 au 4. Kazi yake hapo ni kutoa mgongano wa kucha na waya ambao distosheni imeumeza. Ukiipandisha, inalia kama nyuki kwenye kopo.

Fundi_Valvu
Kwenye basi JC isafiri imesimama. Peavey ukiisafirisha, chomoa valvu, andika namba ya kila soketi, zifunge peke yake. Mkono usiingie ndani zaidi ya soketi: kapasita hubaki na mamia ya volti hata ampu ikiwa imezimwa. Na chumvi ya hapa pwani inakula jeki, kwa hiyo kila baada ya miezi michache puliza dawa ya kusafishia viunganishi, chomeka na kuchomoa mara kumi. Ukiona Peavey inapoteza sauti ghafla, anza na jeki za lupu kabla hujanunua valvu mpya.